Oili Ipi Ununue kwa Gari la Tanga Linalolala Lushoto

Gari linalozunguka Tanga mjini halijui baridi, na ndiyo maana wengi wetu tumezoea kununua oili nzito tukiamini kwamba ndiyo inayostahimili joto. Imani hiyo hujaribiwa alfajiri ya Julai huko Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10: starta huzunguka kwa uvivu, na taa nyekundu ya oili hukawia kuzimika. Sekunde hizo chache huila injini, kwa sababu vyuma vya juu vinasuguana huku oili ingali inajikokota kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

Katika maandishi ya dumu kama 10W-40, tarakimu iliyo kabla ya W (yaani winter, majira ya baridi) huonyesha wepesi wa oili injini ikiwa baridi, na ile ya pili huonyesha uzito wake ikipimwa kwenye nyuzi 100. Vipimo vya W viliwekwa kwa kuzingatia nchi za theluji, kwani 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Milima ya Usambara, iliko Lushoto, haifiki huko, wala muuzaji asikutishe. Hata hivyo, oili yenye tarakimu ndogo mbele huwahi kufika juu ya injini, hata hapa pwani.

Ya kwanza kwangu ni 5W-30 ya sintetiki, kwa gari dogo la petroli ambalo kitabu chake kinaitaja. Ya pili ni 10W-40, inayoifaa injini iliyotembea sana na kuanza kula oili kidogo. Wenye dizeli za kazi wanunue 15W-40 iliyoandikwa kuwa ni ya dizeli. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya baridi tu, si kwa ubora. 20W-50, kipenzi cha mafundi wengi, ni ya nne, na inafaa pale tu injini imechoka na gari halipandi milimani. Ya mwisho ni SAE 40 isiyo na W, yaani oili yenye kipimo kimoja tu, cha injini ikiwa moto. Anayebisha achomoe dipstiki alfajiri kabla ya kuwasha: SAE 40 huning'inia kwenye ncha kama asali, ilhali 5W-30 hudondoka upesi.

Kabla ya kuilaumu oili, pima betri, maana baridi huipunguzia nguvu. Iliyopumzika usiku kucha ikisoma chini ya volti 12.4, ichajiwe kwanza. Injini ikishawaka, nusu dakika yatosha, kisha uondoke taratibu bila kuikanyagia, kwa kuwa barabara ya kwenda Mombo ni mteremko wa kilomita takriban 33 na injini huchelewa kupata moto. Filta ya oili inunuliwe siku hiyohiyo, na dumu lenye kizibo kilichokwisha kulegea liachwe dukani hata likipunguzwa bei.