Rezistansi ya akwariomu, wati 200, dola 18: sirudie tena

Batu ya Lubumbashi, kama uko na samaki ndani ya nyumba, ile rezistansi (chombo cha kupasha maji ya samaki moto) ya bei chini muiache. Niliinunua kwa butiki moja ya mujini, sababu huku kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inauma, na samaki yangu ni ya ziwa Tanganyika, inataka maji ya digri 25 hivi. Wiki tatu ilitumika muzuri kabisa. Kisha asubuhi moja naamka, kataa kake kekundu kangali kanawaka, natia mukono, maji ni ya moto kama ya kuogesha mutoto, termometa 35, samaki zote ziko juu zinafungua-fungua midomo kutafuta hewa, sababu maji ya moto haishikake oksijeni mingi. Tatu zilikufa. Iliniuma sana.

Yenye iliharibika ni termostati, ile yenye inakataka moto maji ikifika digri yake; vyuma vyake vya ndani vilishikamana, njo moto haukatike tena. Muuzaji akaniambia "papa, ni kura (umeme) inakuyaka na nguvu", akakatala kurudisha feza.

Sasa natumia mbili za wati 75 kwa litre 120, moja ikikwama haina nguvu ya kupika samaki haraka. Termometa iko pembeni, naiangaria asubuhi na mangaribi. Na mbele ya kupunguza maji chomoa prizi, ungoje dakika 15, kioo ya rezistansi ikiwa ya moto inje ya maji inapasuka.