Chaplin kwa mkanda halisi, Arusha: kiingilio halali, viti hapana

Bei kwanza, maana najua ndiyo mtakayouliza: shilingi 10,000, na wakirudia nalipa tena bila kubembelezwa. Filamu ilikuwa Modern Times ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1936, na haikutoka kwenye flashi wala laptopu. Ulikuwa mkanda wenyewe, wa milimita 16, na projekta ya zamani ikiwa imesimamishwa katikati yetu, kwenye ukumbi mmoja si mbali na Mnara wa Saa.

Aliyezoea picha safi za kumbi za kisasa ajiandae. Kuna mikwaruzo, mwanga unatetemeka, na projekta inanguruma muda wote. Dakika kumi za mwanzo ilinikera, baadaye nikasahau kama ipo. Inapitisha picha 24 kwa sekunde, lakini sehemu kubwa ya filamu hii ilipigwa kwa mwendo wa picha 18, ndiyo maana Chaplin anatembea kama mtu anayewahi daladala ya mwisho.

Waandaaji walimweka kijana wa kutafsiri, kwa mtindo wa vibanda umiza, yale mabanda ya video mitaani. Filamu karibu yote haina maongezi, na maandishi ya kwenye pazia aliyasoma vizuri, Kiswahili kilichonyooka. Tatizo lilianza alipotaka kutuchekesha yeye. Kuna sehemu kiwandani Chaplin anafungwa kwenye mashine ya kulisha wafanyakazi ili wasipoteze muda wa chakula. Mashine inapata wazimu, gunzi la mahindi linazunguka mdomoni kwa kasi, na kile kifuta mdomo kinaendelea kumpangusa kwa adabu zote. Hapo unaeleza nini? Machalii wa nyuma wakapiga kelele, "Broo, tuachie tuone!" Akanyamaza, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi.

Jirani yangu alikuwa mzee aliyefanya kazi General Tyre, kile kiwanda cha matairi, enzi zile. Chaplin alipoenda chooni kuvuta sigara, bosi akatokea kwenye pazia ukutani kumfokea arudi kazini, mzee alijipiga paja. "Huyu bosi namfahamu kabisa," akasema. Nikamuuliza, "Kwenu walikuwa na mashine hiyo, mzee?" Akanijibu, "Mashine ya nini, mwanangu? Wetu alikuwa anakuja mwenyewe."

Filamu ni ya dakika 87 na gurudumu moja la mkanda halikuitosha. Kwa kuwa projekta ilikuwa moja, katikati taa ziliwashwa ili fundi abadilishe. Nilidhani watu watanuna. Wapi! Chai ya tangawizi ikazunguka, watoto wakamzingira fundi wamtazame akipitisha mkanda kwenye meno ya mashine, na watu wasiojuana wakaanza kuigizana ile mikono ya Chaplin inayokaza nati hata baada ya kutoka kazini. Nyumbani na simu yangu hilo silipati.

Sasa malalamiko. Tulianza tumechelewa sana na hakuna aliyetuambia kwa nini. Viti vya plastiki havikupangwa kwa kupishana, kwa hiyo nusu ya mchezo wa viatu vya magurudumu niliuona kupitia kilemba cha mama wa mbele. Spika waliiweka chini, na muziki ule, aliotunga Chaplin mwenyewe, ukawa unaishia miguuni mwetu.

Ila sehemu ya wimbo ilinilipa yote. Chaplin anatakiwa kuimba mgahawani, maneno kayaandika kwenye kafu za shati, zile ncha za mikono yake, anarusha mikono, kafu zinachomoka na maneno yake. Anaamua kuimba lugha ya kubuni, nusu kama Kitaliano, nusu kama Kifaransa, na mikono ndiyo inasimulia. Ukumbi mzima ukamgeukia kijana wetu: "Tafsiri!" Akashika maiki, akafikiri kidogo. "Jamani, hapa tuko sawa."

Mkienda, vaeni koti, ukumbi una baridi. Watoto wapelekeni tu. Na kaeni pembeni kushoto, mbali na vilemba.