Duka la nyuzi pale Mwanga, Kigoma: pazuri ila bonge la uzi litoe nje ulione juani

Wenye haraka jibu hili hapa: kama unafuma na upo Kigoma, nenda kwa yule mama anayeuza vifaa vya mafundi cherehani sokoni Mwanga, ila usiende ukitegemea sufu ya kweli, na Ijumaa mchana utakuta kafunga kaenda kuswali. Wengine tuendelee.

Besti yangu ni mwalimu na kapata uhamisho kwenda Makete. Yani mtu wa Ujiji, kakulia joto la ziwa na migebuka, anaambiwa aende sehemu ambayo Juni na Julai kuna asubuhi unaamka umande umeganda kwenye majani. Nikasema huyu haondoki bila sweta, na sio la mtumba, la kufuma kwa mkono, afu asijue kitu mpaka siku ya kuagana. Kufuma najua, masista walitufundisha shuleni, shida ni vifaa. Huku kwetu wengi wanafuma vitambaa vya makochi kwa krosha kwahiyo nyuzi nyembamba za pamba ziko kila kona, ila uzi mnene wa sweta nani ataujaza dukani na hili joto? Huyu mama anao, anasema wateja wake ni watu wa Kasulu na Manyovu kule juu kwenye baridi, wanachukua kwa ajili ya shali na kofia za watoto wachanga.

Kabla ya kwake nilipita duka moja mjini, silitaji, bonge lina picha ya kondoo kwenye lebo na muuzaji anakuapia kabisa kuwa ni sufu asilia, bei nayo imechangamka. Nikachukua moja la kuangalia nikaenda nalo Mwanga. Mama kalishika, kakata kipande kidogo, kawasha kiberiti pale pale mlangoni. Sufu halisi ikiungua inanuka nywele, na inabaki majivu ambayo ukiyafinya yanasagika. Hii ikayeyuka ikajikunja ikawa kigololi cheusi kigumu, harufu ya plastiki tupu. Akriliki hiyo, uzi wa plastiki wa kiwandani. "Kondoo yupo kwenye karatasi tu mwanangu," akaniambia, afu bila kuombwa akachoma na uzi wa kwake, nao ukayeyuka vile vile, akasema na hii yangu ni akriliki ndio maana naiuza bei ya akriliki. Hapo ndo alinishika.

Na akriliki sio mbaya bana, tusiidharau. Inafulika kirahisi, inakauka haraka, nondo hawaigusi, wakati sufu ukiikosea ukaitia maji ya moto na kuisugua inajikunja inakuwa nguo ya mdoli. Ubaya wake ni kwamba ikilowa haishiki joto kama sufu, na Makete kuna ukungu na manyunyu. Pia pasi ya moto ni adui, ukiigusisha tu inalala na haiamki tena. Ushauri wa mama ulikuwa nifume na nyuzi mbili kwa pamoja kwenye kola na mikononi, sehemu zinazopigwa na upepo, mwili mzima niache uzi mmoja. Nimefanya hivyo na linakaa vizuri.

Sasa sindano, hapa ndo watu wengi wanaumia. Sindano zinazokuja huku nyingine zimeandikwa namba tu, 8, basi. 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, 8 ya Marekani ni milimita 5, ukichanganya sweta la mtu mzima linageuka hema. Na ya Uingereza inaenda kinyume, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, 14 ni milimita 2 tu, unene wa spoku ya baiskeli, na kweli wapo watu wanaofumia kofia kwa spoku. Mama ana kibao chake cha plastiki chenye matundu, anachomeka sindano mbele yako anakwambia hii ni ngapi. Sijaona duka lingine hapa mjini lenye hicho kitu. Ila sindano zenyewe ni za aluminiamu zile ndefu, mbili mbili, na kwa jasho la hapa zinateleza mkononi balaa. Za mianzi hana, zile za duara zenye waya katikati ndo kabisa, kwahiyo sweta nimelifuma vipande vipande: mgongo, mbele mbili, mikono, afu kuunganisha.

Rangi. Ukuta mzima umejaa kijani na njano, sijui ni mapenzi yake au ya wateja, na besti yangu ni Simba lialia, nikimpelekea sweta la kijani na njano urafiki unaishia stendi. Tukachagua damu ya mzee. Humo ndani kuna taa moja ya tyubu na hakuna dirisha, damu ya mzee inaonekana kama kahawia, toka nayo nje uione juani ndo ulipe. Afu kwenye lebo kuna namba ya rangi na kuna namba ya mchovyo, ile ya pili ndo ya kuangalia, mabonge yaliyochovywa siku tofauti yanapishana kidogo na ukishalivaa unaona mstari tumboni. Sweta la mwanamke wa kawaida kwa uzi wa unene wa kati linakula kama gramu 400 mpaka 500. Mabonge ni ya gramu 100 na mfukoni nilikuwa na hela ya matatu. Mama akatoa mawili mengine yenye namba ile ile akayatia kwenye mfuko mweusi, akauficha chini ya meza, hakutaka hata ya kutanguliza. Mwisho wa mwezi nimerudi nimeyakuta.

Vipimo je, na ni siri? Akanambia chukua nguo yake anayoipenda, ilaze kitandani, pima kwapa kwa kwapa, zidisha mara mbili, ongeza sentimita 10 maana kwenye baridi atavaa vingine ndani. Koti lake lilikuwa kwangu toka msiba wa jirani, likafaa.

Ila kilichonifanya nikae niandike yote haya ni siku tulipopita pale na mwenyewe. Besti anatafuta zipu ya begi, ananivuta mkono moja kwa moja mpaka kwa mama! Nimeganda. Tukaamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba wanangu karibuni, akaniangalia usoni hivi kama hajawahi kuniona, "na wewe dada nikupe nini?" Nikasema namsindikiza tu. Na ule mfuko mweusi uko miguuni kwake pale pale. Besti akapata zipu yake, akasifia na ukuta wa nyuzi, tukaondoka.

Kuunganisha vipande nilimpa binti anayekaa na mama dukani, elfu kumi. Mishono ya mabegani na mikono kaifanya safi sana, huwezi kuijua kwa nje, lakini vifungo kavishikiza na uzi wa cherehani, kimoja kikalegea kabla hata sijafika nyumbani, vyote nimevirudia mwenyewe. Vifungo vyenyewe ni vya kifuu cha nazi, mama ana kopo zima, uliza maana havipo mbele.

Kingine kibaya ni bei, hazijaandikwa popote. Bonge mimi nimelipa elfu nne, dada niliyemkuta pale kalipa elfu tatu na mia tano kwa uzi ule ule, kwahiyo ongea. Chenji ni shida, bora ulipe kwa simu. Choo cha mteja hakuna, kiti ni kimoja.

Sweta lilitolewa nyumbani kwao usiku wa kuagana, mbele ya mama yake, kalia mpaka kaharibu wanja. Juzi katuma picha yuko darasani kalivaa, mikono inamfika kwenye vidole, nikamuuliza nikupunguzie, akasema usithubutu. Sasa walimu wenzake wanataka kofia.

Kama unaenda ni Jumatatu mpaka Jumamosi, kuanzia saa tatu hivi. Damu ya mzee msihangaike, ilibaki kidogo na nimemwambia aniwekee.