1000 Guineas na Oaks: ipi humpima zaidi farasi jike?

Mbio hizi mbili za Uingereza, zote za farasi majike wa miaka mitatu, kwa kawaida hupishana kwa wiki chache tu, lakini hudai mambo tofauti kabisa. 1000 Guineas, iliyoanza mwaka 1814, hufanyika Newmarket kwa umbali wa takriban mita 1,600, katika njia iliyonyooka isiyo na kona hata moja, hivyo kasi ndiyo hutawala, ingawa bonde dogo lililo karibu na mwisho na mwinuko unaolifuata huwaumbua waliomaliza nguvu mapema.

Oaks ni kongwe zaidi, kwani ilianza mwaka 1779, na ina takriban mita 2,400 pale Epsom: farasi hupanda kilima, kisha huteremka kwa kasi huku wakikata kona ya kushoto ya Tattenham, na hatimaye hukimbia kwenye uwanja ulioinama upande mmoja, ambapo aliyechoka huanza kuyumba kuelekea uzio wa ndani. Kwa maoni yangu, hii ndiyo humpima farasi kikamilifu, pumzi na utulivu kwa pamoja. Wachache huzimudu zote mbili. Minding alifanya hivyo mwaka 2016, na Love mwaka 2020.