Balbu ya LED ya wati 9 kwenye taa ya "MAX 60W": uzoefu wangu

Balbu ninayoizungumzia ni ya LED, wati 9, kitako cha skrubu cha E27, lumeni 806 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), mwanga wa manjano wa 2700K (kipimo cha rangi ya mwanga). Boksi linasema "sawa na wati 60", na maneno hayo huwachanganya wengi: je, taa yenye kibandiko cha "MAX 40W" itaikubali? Itaikubali bila shida. Kibandiko kinahesabu wati ambazo balbu inakula kweli, yaani 9, si zile inazofananishwa nazo. Mimi nimeifunga kwenye taa ya kuning'inia iliyo wazi, na pia ndani ya globu ya kioo iliyobana dari. Matokeo hayafanani hata kidogo.

Kwanza tuelewane kuhusu kile kikomo. Hakihusu mwanga, kinahusu joto. Balbu ya uzi, ile ya kizamani yenye uzi unaowaka ndani ya kioo, hugeuza karibu umeme wake wote kuwa joto. Ukitia ya wati 100 kwenye holda ya wati 60, itawaka vizuri tu na breka haitakatika, maana kwa volti 240 wati 100 ni kama ampea 0.42, mzigo mdogo kwa laini ya taa. Anayeumia ni holda. Plastiki inageuka kahawia, ganda la waya, ambalo mara nyingi limetengenezwa kustahimili nyuzijoto 70 tu, linakauka na kupasuka, mwishowe nyaya zinagusana. Uharibifu huo huja polepole, ndiyo maana mtu hudhani amesalimika. Ukizima umeme kwenye meni swichi, ukafungua taa na kukuta ganda la waya linamomonyoka kwenye vidole, balbu mpya haisaidii kitu. Badilisha holda na kipande hicho cha waya.

Kwa mwanga, soma lumeni. Balbu ya uzi ya wati 40 hutoa kama 450, ya 60 kama 800, ya 100 kama 1,600. Hii ya kwangu inatimiza ahadi yake kwenye taa ya wazi: meza nzima inaonekana, na rangi ni ya kupendeza jioni. Kwa matumizi ya saa 5 kila siku, mwezi wa siku 30 inakula yuniti 1.35, ya uzi ya wati 60 ingekula 9.

Ndani ya globu ndipo inapochemka. Joto la LED haliendi mbele pamoja na mwanga, linarudi shingoni, na humo ndimo zilimo kapasita, vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwenye sakiti ya balbu. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita karibu nusu, kwa hiyo saa 15,000 za kwenye boksi usizitegemee humo. Dalili ni hii: inawaka sawasawa, ikishapata moto inaanza kupepesa, ikipoa inarudi kuwa nzima. Onyo la kutoitumia kwenye taa zilizofungwa lipo, lakini kwa maandishi madogo ubavuni mwa boksi. Lilistahili kuwa mbele, na kwa hilo naipunguzia alama.

Haifai kwa dima, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga. Inavuma na kumetameta, na dima nyingi za zamani zinataka mzigo wa wati 40 au zaidi ndipo zifanye kazi vizuri.

Jambo jingine ni balbu kuwaka kidogo hata swichi ikiwa imezimwa. Kama swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha, sababu ni hicho: kinapitisha umeme mdogo sana ambao balbu ya uzi isingeuonyesha. Kama haina kitaa, mwite fundi apime. Huenda swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya waya wa moto (unaoleta umeme), na hapo holda inabaki na umeme muda wote, tayari kumpiga anayebadilisha balbu.

Kwa taa za wazi naipa nyota 4 kati ya 5 na ningeinunua tena. Kwa globu nachukua iliyoandikwa wazi kuwa inafaa taa zilizofungwa, na ikikosekana nashuka hadi wati 5, nikubali mwanga pungufu.