Kamisheni sifuri, gharama iko wapi? Dalali gani umchague ukitaka programu ikununulie hisa

Tangu Oktoba 2019, kampuni ya Charles Schwab ilipofuta dola 4.95 iliyokuwa ikitoza kwa kila oda ya hisa za Marekani na washindani wake wakafuata ndani ya siku chache, kamisheni pekee haitoshi kukuchagulia dalali wa mtandaoni. Angalia pengo la bei. Tuseme hisa inauzwa dola 20.04 na wanunuzi wanatoa 20.00. Ukinunua 100 na kuziuza saa hiyo hiyo, dola 4 zimekutoka, na risiti inaonyesha kamisheni sifuri. Anayenunua mara moja kwa mwezi hatasikia kitu. Roboti, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe, ikizungusha hivyo mara kumi kwa siku inakula dola 40.

Madalali hawa nimewapanga kwa ajili ya mtu anayetaka kujifunza kuandika programu ya kutuma oda yenyewe kupitia API, yaani njia ambayo programu yako inazungumza na mfumo wa dalali moja kwa moja.

1. Alpaca. Hapa ndipo pa kujifunzia. Hisa za Marekani hazina kamisheni, maelekezo yanasomeka, na akaunti ya majaribio unaifungua kwa barua pepe tu, ukakuta dola 100,000 za kuchezea. Anayejua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, anatuma oda ya kwanza jioni hiyo hiyo. Kasoro ni taarifa za bei unazopewa bure: zinatoka soko moja, IEX, ambako hupita sehemu ndogo tu ya biashara yote, kwa hiyo bei unayoiona yaweza kupishana na utakayoipata. Faida ya kwenye majaribio usiiamini yote. Soko halisi halitimizi oda kirahisi hivyo.

2. Interactive Brokers. Fedha halisi ningeziweka hapa, hasa kwa aliye nje ya Marekani, maana wanapokea wateja wa nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Lakini soma ada kwa makini. Mpango wa bei moja ni dola 0.005 kwa hisa, na kiwango cha chini ni dola 1 kwa oda. Mwenye mtaji mdogo huumia hapo: oda 10 kwa siku, za dola 200 kila moja, ni dola 10 kwa siku, yaani dola 200 kwa siku 20 za soko. Mpango wao mwingine, wa ngazi, unaoanzia senti 35 kwa oda kabla ya ada za masoko, ndio nafuu kwa oda ndogo. API yao ni kongwe na inataka subira, na programu yao ya TWS au Gateway lazima iwe inafanya kazi muda wote. Ukitumia TWS, chunga namba ya mlango (port) ambao programu yako inaunganishwa nao: 7497 ni majaribio, 7496 ni fedha zako. Tarakimu moja tu.

3. Charles Schwab. Kampuni imara, ila API yake inaombewa kibali, na kila baada ya siku 7 sharti uingie upya kwa mkono. Ukisahau, roboti inabaki nje na hisa zako zimo sokoni.

Fidelity nayo haitozi kamisheni ya hisa za Marekani mtandaoni, na kwa anayenunua kwa mkono na kuweka miaka, inatosha kabisa.

Roboti zinazouzwa Telegram kwa ahadi ya faida ya kila siku sikuziweka kwa makusudi. Usizinunue.

Yeyote utakayemchagua, jaribu kukata intaneti programu ikiwa kazini. Yangu, nikiwa kwenye majaribio, ilituma oda ya hisa 50, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, ikadhani oda haikufika, ikatuma tena. Nikakuta hisa 100. Siku hizi ikiamka inauliza kwanza oda zilizo wazi na hisa zilizopo, na kila oda inabeba namba niliyoipanga mwenyewe. Alpaca huikataa oda inayorudia namba iliyokwishatumika.