Mwaka mmoja na mashine ya farasi 15: sifa zake, na siku iliyonitoa jasho nje ya kisiwa cha Yambe

Niliinunua mkono wa pili, mwezi wa tatu mwaka jana, kwa Sh 3,400,000. Mashine ya boti, farasi 15, silinda mbili, ya kuchanganya oili na petroli, ya kuwasha kwa kuvuta kamba. Chapa siitaji, maana lawama nitakazozitoa humu si za kiwanda. Ni za aliyeniuzia, na nyingine ni zangu mwenyewe.

Boti ni ya faiba, mita 5, niliuziwa na rafiki aliyehamishiwa Dodoma. Dodoma hakuna bahari, kwa hiyo bei tulielewana haraka. Naegesha Sahare, hapa Tanga, natoka Jumapili na sikukuu, mara nyingi na mjomba wangu ambaye amekula chumvi ya bahari hii zaidi ya miaka thelathini kabla miguu haijaanza kumsumbua. Si biashara. Samaki wakipatikana tunakula, wakizidi jirani wanakula, wasipopatikana tunapitia soko la Deep Sea kimyakimya kabla ya kurudi nyumbani.

Kilichonifanya nichague mashine hii badala ya zile mpya zisizochanganya oili ni uzito. Hii ina kilo 36 hivi. Zile za kisasa zenye nguvu hiyo hiyo zinafika kilo 50. Mtu wa bara ataona tofauti ndogo. Lakini bahari ya Tanga siku za bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na pwani ya Sahare ni tambarare; ukichelewa kurudi unakuta maji yameshaondoka, boti inakaa mchangani, na mashine unaibeba begani huku unazama topeni mpaka kwenye fundo la mguu. Kilo 36 nabeba mwenyewe. Kilo 50 ningeita watu, na watu wa kuitwa saa tisa alasiri wana bei yao.

Mafuta sasa. Tangi lake jekundu linaingia lita 24. Kipimo ni 50 kwa 1, yaani tangi zima linataka oili mililita 480. Mimi natumia chupa ya maji ya nusu lita, najaza mpaka chini kidogo ya shingo, basi. Oili iwe ya mashine za boti, ile iliyoandikwa TC-W3. Kuna vijana watakwambia ya pikipiki ya kuchanganya inafaa. Ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa hewa, hii inapozwa kwa maji, na plagi zako zitakueleza tofauti baada ya wiki chache. Nikiibana mpaka mwisho inakula kama lita 7 kwa saa. Nikirambaza, yaani kuvua huku boti inakwenda polepole na mishipi inavutwa nyuma, lita 2 na ushei. Kwa bei ya petroli ilivyo, siku nzima ya kurambaza inanigharimu chini ya kuku wawili.

Kasi: tukiwa wawili, boti inainuka juu ya maji vizuri na simu inanionyesha kilomita 22 kwa saa. Tukiwa watatu inainuka kwa kubembelezwa, lazima mmoja asogee mbele kwenye omo. Wanne, hainuki kabisa. Inalima maji kama trekta, omo juu, tezi imezama, mafuta yanakwisha na rasi ya Raskazone bado unaiona pale pale ubavuni. Shemeji zangu walikuja wakati wa Idi, wote wana miili, na siku hiyo nilielewa maana ya farasi 15.

Kwa kuvua ndani ya visiwa, kati ya Toten, Ulenge na Raskazone, sina neno baya. Unatoka alfajiri na umande, unatia nanga kwenye kina cha mita 10 au 15, ngisi kwenye ndoana, chubwi chini, na changu wanaanza kugonga kabla chai ya chupa haijapoa. Mashine inawaka mvuto wa pili, mara chache wa tatu. Ikiwa imepoa sana, vuta choki, minya mpira wa mafuta mpaka uwe mgumu mkononi, halafu vuta kamba kwa mkono mmoja wenye nia. Ukivuta kwa woga inakucheka.

Na kwa kurambaza ndipo inapofurahisha kuliko zote. Kwa mwendo wa kilomita 8 au 9 kwa saa inatulia, haikohoi, unaweza kuiacha hivyo saa mbili. Sisi tunatoa mishipi miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi ili isisukane kwenye kona, na mbele ya ndoana tunafunga waya kwa sababu meno ya nguru hayana mzaha na nailoni. Chambo cha plastiki nimenunua cha kila rangi. Mjomba anakitazama, anakohoa, halafu anatoa mfukoni nyuzi za kiroba cheupe alizozichambua nyumbani na kuzifunga kwenye ndoana kama ndevu. Kwa mwaka huu ndevu zake zimepata nguru watano na kolekole wengi. Plastiki yangu ya Sh 35,000 imepata mzia mmoja, tena mdogo.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Februari, kaskazi imekaa, asubuhi bahari imelala kama mkeka. Tulikwenda nje ya Yambe, upande wa bahari kuu, pale mwamba unapokatika na maji kubadilika rangi ghafla kuwa buluu ya wino. (Yambe iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo malizana kwanza na utaratibu wa kibali. Silikanti mwenyewe, yule samaki wa kale, usihangaike naye, anakaa vilindini huko chini, na hata akinaswa kwa bahati mbaya hana utamu wowote.) Nguru wanapenda ukingo ule. Saa nne na nusu mshipi mrefu ukaondoka na sauti. Nikaipunguza mashine, nikaiweka huru, nikaanza kuvuta. Anakuja, anaondoka, anakuja, anaondoka. Nilikuwa nimesahau dunia.

"Mwanangu," mjomba akasema, "hii mashine yako mbona haikojoi?"

Kwa asiyejua: ubavuni mwa mashine kuna kitundu, na kila mashine inapowaka maji hutoka pale kama uzi. Ule uzi ndio ushahidi kwamba maji ya bahari yanapanda kuipoza. Ukikatika, una dakika chache tu.

"Inakojoa, mjomba. Subiri nimtoe nguru kwanza."

"Nguru hawezi kutuvuta mpaka pwani. Zima."

Nikazima. Nilipoweka kiganja kwenye kifuniko nilikitoa kama niliyeshika sufuria. Harufu ya rangi inayoungua ilishaanza. Dakika tatu zaidi pistoni zingejishika na silinda na leo ningekuwa naandika maombolezo.

Mjomba akachukua mshipi kutoka mkononi mwangu bila kuniuliza, mimi nikahangaika na kitundu. Mara nyingi tatizo ni chumvi au mchanga tu. Unachomeka kipande cha nailoni nene, unazungusha, maji yanatoka. Nilichomeka. Nilizungusha. Nikasubiri ipoe, nikawasha, hakuna kitu. Nikainyanyua nikatazama matundu ya chini yanayovuta maji, safi kabisa. Kumbe tatizo lilikuwa ndani.

Na hapo upepo ukaanza. Kaskazi hukaza kadiri jua linavyopanda, na sisi tulikuwa upande wa mashariki wa kisiwa: kila dakika ilitusogeza kwenye mwamba. Nikatupa nanga. Kamba yangu ina mita 60, ikaisha yote na nanga haijagusa chini. Ukingo ule ule unaowapenda nguru haumpendi mtu aliyezimikiwa. Tukakaa na kamba imening'inia, mawimbi yanavunjika nyuma yetu, tunayasikia kabla ya kuyaona. Mjomba akaketi kwenye kasia moja, mimi jingine, si kwa kwenda mbele bali kwa kuchelewesha. Nanga ikashika tukiwa na kama mita 40 kutoka kwenye povu. Ilishika kwenye matumbawe, na najua si pa kutia nanga, lakini siku hiyo hapakuwa na pengine.

Baada ya saa moja na nusu ikapita boti ya wavuvi wa mishipi wanaorudi kutoka nje. Walitufunga kamba wakatuvuta mpaka Sahare. Pesa walikataa. Nguru hawakumkataa. Alikuwa na kilo 6 hivi, na mjomba ndiye aliyemkabidhi, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mahari.

Fundi wa Deep Sea alipofungua sehemu ya chini, akanitolea impela, lile gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji kupanda juu. Linatakiwa kuwa na mabawa sita. Langu lilikuwa na mawili. Vipande vingine vilikuwa vimekwama kwenye njia ya maji na ilibidi kuvitoa kimoja kimoja kwa waya. Mpira wenyewe ulikuwa mkavu, unavunjika ukiukunja kama biskuti. Impela hukaguliwa kila mwaka. Hiyo, alivyosema fundi, haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani. Bolti mbili zilikatika wakati wa kufungua kwa sababu zilikuwa zimeliwa na chumvi, na juu yake zimepakwa rangi mpya. Impela Sh 45,000, bolti na ufundi Sh 60,000.

Hiyo rangi ndiyo inayoniuma. Muuzaji, duka moja huko Dar ambalo sitalitaja, aliniambia mashine "haijafunguliwa kabisa", na mimi nikaisikia kama sifa. Nilipompigia akaniambia ikishatoka dukani ni mali yangu. Ni kweli, ni mali yangu. Lakini hata klipu ya kamba ya kuzimia, ile unayoifunga mkononi ili ukianguka majini mashine izimike, nilikuta imeondolewa na swichi imekazwa kwa waya isizime kamwe. Yaani ningeanguka, boti ingeendelea na safari bila mimi. Hilo nililigundua wiki ya kwanza na lilitosha kunifanya niirudishe. Sikuirudisha. Nilikuwa na hamu ya nguru.

Kwa hiyo kama unakwenda kununua ya mkono wa pili, mambo ambayo ningeyafanya kama ningerudishwa siku ile: ningefungua skrubu ya oili ya gia kule chini na kutazama tone la kwanza, likiwa jeupe kama chai ya maziwa ujue maji yanaingia, ondoka. Ningemlipa fundi wangu, si wa duka, apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote mbili, namba zikaribiane. Ningetaka iwashwe ndani ya pipa la maji robo saa nzima mbele ya macho yangu, si dakika mbili. Na mashine ya miaka mingi inayong'aa rangi mpya ningeitilia shaka kuliko iliyochubuka. Impela ningebadilisha siku hiyo hiyo bila kuuliza ya zamani ikoje.

Tangu Februari haijanipa shida. Kila tukirudi naitia kwenye pipa la maji ya bomba, inazunguka dakika kumi, halafu nachomoa mpira wa mafuta na kuiacha imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta mpaka izimike yenyewe. Impela ya akiba iko kwenye kopo la maziwa pamoja na plagi mbili, spana na pini za kwenye pangaboi. Kamba ya nanga sasa ni mita 120. Jaketi za kuokoa maisha tulikuwa nazo siku ile, lakini zilikuwa zimekaliwa kama mto. Siku hizi tunazivaa, na mjomba anazilalamikia joto kila safari.

Nje ya Yambe siendi tena na mashine moja, na msimu wa upepo wa kusi siendi kabisa. Kaskazi angalau inakusukuma pwani, japo pwani yenyewe ni mwamba. Nje ya visiwa mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma, upepo na mkondo vinakubaliana: ukizimikiwa unaanza kuhesabu Moa, Jasini, Vanga, na huko Vanga utaulizwa pasipoti. Kipindi chetu kizuri ni tanga mbili, pepo zinapobadilishana, na siku za maji mafu, bahari isipopanda na kushuka sana, ambapo mkondo wa mlangoni hauna ubishi. Mwezi huu kusi imeshaanza kuvuma, kwa hiyo mashine imesimama wima stoo, tangi tupu, kitambaa kwenye kitundu cha maji ili mavu wasijenge humo.

Kwa watu wawili, boti ya mita 5, na kuvua ndani ya visiwa, ningeinunua tena kesho. Kwa muuzaji mwingine.